Neno "Bado" na Swali la Msiba

Vijana wa ofisini wameniomba niandike kabla sijasahau, ambayo nadhani ni njia ya heshima ya kusema kabla sijafa. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mishahara wazitafute kwenye faili langu. Zipo zote, na ni fupi. Mimi nitaandika habari za kazi.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta watu. Utafiti wetu uliwafuatilia watu waliopata saikosisi kwa mara ya kwanza, yaani ule wakati mtu anapoanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini jambo ambalo hakuna awezaye kumtoa humo, usingizi unakimbia na nyumba nzima inavurugika. Tulitaka kujua mambo mawili. Je, mtu akipata tiba mapema, kabla hajazungushwa huku na kule kwa miezi, maisha yake yanakwenda vizuri zaidi? Na je, wale ambao ugonjwa wao unaandikwa skizofrenia wanaishije baada ya miaka mingi? Kujibu la pili lazima uwapate tena na tena. Ukikaa kliniki ukasubiri, watakaokuja ni wanaoumwa. Waliopata nafuu wako shambani na sokoni, hawana habari na wewe. Lazima mtu awafuate huko, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikusoma sana. Wazazi wetu walifariki nikiwa sekondari, mimi wa kwanza kwa watoto wanne. Baada ya matanga ndugu walikaa kutugawa: mmoja aende Moshi kwa shangazi, wawili kwa baba mkubwa, mimi niolewe. Nilisema hapana. Kwa kuwa sikuwa na hoja nyingine, nilisema hapana tena, na tena, mpaka wakachoka wakaenda zao. Nikaacha shule, nikaenda Usa River kukata waridi kwenye mashamba ya maua, na wadogo zangu wakasomea nyumbani kwetu, kwenye meza ya mama yetu. Nalisema hili mapema kwa sababu litahitajika mbele.

Daktari Felista alinikuta nikiwa bado kwenye maua. Alikuwa Mchaga, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na alikuwa akitafuta mtu anayejua Kimeru, anayeweza kujikongoja kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai na Waarusha, na asiyechoka kutembea. Mahojiano yetu tuliyafanyia kwenye benchi nje ya kanisa.

"Ukifika kwa mtu ukaambiwa hayupo, utafanya nini?"

"Nitakaa."

"Ukiambiwa leo harudi?"

"Nitauliza kesho atakuwa wapi."

"Na ukifukuzwa?"

"Nitaaga vizuri, ili nikirudi wasishangae."

Akavaa miwani yake akanitazama vizuri. Wiki iliyofuata nilianza.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Muuguzi Lazaro. Alikuwa Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni, muuguzi wa wagonjwa wa akili tangu ujana wake, mtu mrefu anayetembea taratibu kama mwenye shamba anayekagua mahindi. Tulipofika sokoni Ngaramtoni alimwambia dereva asimamishe gari, tukashuka.

"Nyumbani kwenyewe ni wapi?" nikauliza.

Akanyoosha mkono kuelekea juu, mlimani, mbali sana.

"Sasa gari?"

"Gari hili lina maandishi mlangoni. Likisimama nje kwa binti wa watu, kesho hana mchumba. Vaa mabuti."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mafunzo yangu. Njiani tulikutana na mzee mmoja na ng'ombe wake, nami nikitaka kuonyesha kwamba Kimaa changu si haba, nikamwahi na salamu: "Takwenya." Takwenya ni salamu wanayopewa wanawake. Mzee alisimama, akapanga shuka lake begani, akanijibu "Iko" kwa sauti nyembamba ya bibi harusi, kisha akaendelea na ng'ombe wake. Lazaro hakucheka. Alisubiri tukapanda mwinuko mzima, ndipo akasema, "Yule alikuwa laigwanani, kiongozi wa kimila. Sasa umemwoza." Habari ile ilinitangulia kwenye maboma mengi, na nakiri ilinifungulia milango ambayo kitambulisho changu kisingefungua.

Lazaro hakuwa na somo moja la kukaa na kufundisha. Alikuwa anasema jambo moja unaporuka mtaro. Usikae kiti kilicho juu kuliko cha mwenyeji. Ulizia ng'ombe kabla ya kuulizia sauti. Mtu akianza kulia, funika kalamu. Usitegemee namba ya simu ya mtu, namba zinabadilika kila akigombana na mpenzi wake. Chukua ya mama yake, ya shangazi yake, na ujue nani anamsuka au kumnyoa. Mtu anaweza kumficha ndugu yake anakoishi, lakini kinyozi wake anajua. Vijana, hili la kinyozi limenipatia watu wengi kuliko kompyuta yenu.

Jingine alilonifundisha ni kutolaumu. Karibu kila nyumba tuliyoingia ilikuwa imeshapita sehemu nyingine kabla yetu: kwa waombaji, kwa mganga, kwa jamaa aliyesikia kuna dawa Babati. Mwanzoni nilikuwa nakunja uso. Lazaro aliniona. "Wewe unafikiri walikuwa wanapoteza muda," alisema. "Walikuwa wanatafuta msaada kila walipoweza kuuona. Sisi ndio hatukuwa njiani." Kutokana na sentensi hiyo tukaanza kwenda kwa wachungaji, kwa maparoko, kwa wakunga na kwa walimu, si kuwagombeza bali kuwaomba: mkimwona mtu asiyelala, anayeongea na asiyeonekana, mwombeeni na mumlete, vyote kwa pamoja. Wapo wachungaji waliotuletea wagonjwa wenyewe, wakakaa nao foleni. Kuona watu wanafika katika juma la pili au la tatu la ugonjwa, wakati zamani walifika wakiwa wameshapoteza shule, kazi na ndoa, ni furaha ambayo sitaacha kuisimulia.

Sasa nifike kwa Naserian. Si jina lake. Alilichagua yeye nilipomwomba ruhusa ya kuandika, na amenifanya nimsomee ukurasa huu mara mbili kabla ya kukubali.

Naserian aliugua muda mfupi baada ya kujifungua binti yake, Neema. Alisikia watu wakimjadili ndani ya bati la paa. Hakulala. Mumewe alikuwa machimboni Mererani na alirudi nyumbani kwa sikukuu, kwa hiyo aliyebeba mzigo wote alikuwa mama mkwe wake, ambaye boma zima lilimwita Koko, yaani bibi. Koko alimchukua mtoto mgongoni, akampeleka Naserian kwa maombi, kisha kwa mganga, na mwishowe akamleta kliniki akiwa amemshika mkono kama mtu anayevusha mtoto barabara. Baada ya hapo Naserian akarudi kwa mama yake mzazi kuuguzwa, na Neema akabaki kwa Koko. Maneno aliyoagwa nayo yalikuwa haya: "Ukipona, utamchukua."

Hakuna aliyeona ubaya katika maneno hayo. Hata mimi sikuuona.

Naserian aliendelea vizuri. Alichoma sindano yake kila mwezi bila kukosa, akaanza kulima kitunguu kwenye kipande cha mama yake, akawa anauza sokoni Ngaramtoni. Kila mwaka nilikwenda na dodoso letu kumuuliza maswali, na alipenda tuyafanyie bomani kwa Koko, kwa kuwa siku hiyo alipata sababu ya kukaa na Neema. Dodoso lilikuwa na kurasa nyingi, ila swali lililofunga kazi lilikuwa fupi. "Je, umepona?"

"Bado," alijibu Naserian. Kila mwaka.

Nami niliandika bado, na Koko aliyekuwa akipepeta maharage barazani alisikia bado, na Neema akaendelea kukaa mgongoni, halafu kiunoni, halafu akitembea mwenyewe, kwa bibi yake.

Wakati huo Daktari Felista alikuwa anaandaa taarifa ya miaka yetu ya kwanza. Siku moja alituita ofisini, amevua miwani, dalili kwamba mambo ni mabaya. Wafadhili walikuwa wanauliza kama kuna haja ya kuendelea. Kwenye kurasa za mbele watu wetu walikuwa wanalima, wanashona, wanafuga, wanalala usiku. Kwenye ukurasa wa mwisho walikuwa hawajapona. Wengi walisema bado. Na jambo la ajabu zaidi: miongoni mwa wachache waliosema wamepona, kulikuwa na waliokuwa wamerudi wodini.

"Kuna kitu hapa kimesimama kichwa chini," alisema Daktari. "Sijui ni kipi. Elinami, wewe ndiye unayewauliza. Wanasemaje wanaposema bado?"

Nilisema nitakwenda kuuliza, maana hilo ndilo jambo ninaloliweza.

Nilimkuta Naserian kwenye vitunguu vyake. Nikachuchumaa tukawa tunang'oa majani pamoja, nikamuuliza bila dodoso.

"Naserian, kila mwaka unaniambia bado. Ni nini kinachokusumbua?"

"Hakuna kinachonisumbua."

"Sauti?"

"Zilishaondoka, unajua wewe."

"Sasa kwa nini bado?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayeuliza kama mvua ni maji. "Dada, si ninachoma sindano? Aliyepona haendi kliniki. Na ukisema umepona unapelekwa mbele kanisani kutoa ushuhuda, watu wanapiga makofi. Ukishashuhudia, utawezaje tena kuonekana kwenye foleni ya sindano? Watasema ulidanganya madhabahuni. Yule kijana wa kule ng'ambo ya korongo alishuhudia, akaacha sindano, na si unajua alirudi wodini? Mimi nataka sindano yangu. Kwa hiyo bado."

Nikabaki na majani ya magugu mkononi. Neno lile tulilokuwa tunaliandika kama ugonjwa lilikuwa ndilo kufuli alilofungia uzima wake.

"Na Koko anajua hivyo?"

Akaendelea kung'oa. "Mwaka jana nilimwomba aniruhusu Neema aje akae na mimi, anakaribia kuanza shule. Akaniambia, 'Hata wenzako wa hospitali wanakuuliza, na wewe mwenyewe unawaambia hujapona. Mimi nifanye nini?' Nikisema nimepona, napoteza sindano. Nikisema bado, napoteza mtoto."

Niliporudi ofisini niliwaeleza Daktari Felista na Lazaro. Lazaro ndiye alianza kucheka kile kicheko chake cha polepole.

"Mimi nina presha," alisema. "Daktari, niulize kama nimepona."

"Mzee Lazaro, umepona?"

"Bado."

"Na uko kazini."

"Nipo. Na juzi nimecheza kwenye harusi ya mpwa wangu, na nikacheza vizuri."

Daktari akavaa miwani. Siku hiyo hiyo alianza kuwatafuta wagonjwa wa sukari na presha kwenye jengo lile lile na kuwauliza swali letu, na "bado" zikamwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka. Basi tukajua swali lilikuwa limekosea nyumba. Tulichokuwa hatujui ni swali gani liingie mahali pake. Daktari alijaribu mengi. "Una nafuu kiasi gani?" Watu walisema Mungu anasaidia. "Unaridhika na maisha?" Watu walicheka.

Jibu lilitoka kwa Naserian, na halikuwa limekusudiwa kwetu.

Mwaka huo baba mdogo wa mumewe alifariki. Palikuwa na msiba mkubwa pale bomani, watu wa kutoka Monduli mpaka Usa River. Kwenye misiba yetu mtu mwenye historia ya ugonjwa wa akili hapewi kazi. Anapokelewa kwa upole, anawekewa kiti kivulini, anaambiwa pumzika. Ni upole unaoumiza kuliko tusi, waulizeni waliowahi kukalishwa kwenye kiti hicho. Lakini Koko ndiye aliyekuwa akiwapangia akina mama zamu, watu walizidi, mpishi mkuu alikuwa anaumwa mgongo, na katika purukushani ile alimtazama Naserian akamwambia, "Wewe, shika lile sufuria la wali."

Nilifika kuzika nikamkuta amejifunga khanga kiunoni, anapalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria ambalo mimi nisingeligusa. Wali wa watu wengi hauna pa kujificha. Ukigeuka bokoboko, msiba mzima unajua, na unasimuliwa mpaka msiba mwingine. Wali wa Naserian ulisimama punje kwa punje.

Baada ya kuanua matanga, yeye mwenyewe akaitisha kikao cha familia kuhusu Neema. Aliniomba nije kukaa naye, kama dada. Nilimwambia Daktari, naye akaniangalia kwa makini.

"Unaweza kwenda kama rafiki. Ila lolote ulilolijua kupitia utafiti, halitoki mdomoni mwako. Hata likiwa la kumsaidia."

"Basi nitakaa kimya."

"Utaweza?"

Swali lake lilikuwa la haki.

Tulikaa barazani. Mume wa Naserian alikuwa amerudi kutoka Mererani kwa ajili ya msiba, kijana mpole anayetazama viatu vyake. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo, Koko, na Neema aliyekuwa akipitapita akijifanya anatafuta kuku. Naserian akasema hoja yake: mtoto anaanza shule, shule iko karibu na kwake, anamwomba mwanawe.

Koko hakuwa mkali. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mkali, ingekuwa rahisi. Alikuwa mama aliyelea mtoto tangu akiwa na kitovu kibichi. "Simkatalii," alisema. "Nilisema akipona. Muulizeni mwenyewe kama amepona. Huyu Mmeru hapa ni shahidi, kila mwaka anamuuliza, na mimi ninasikia kwa masikio yangu. Haya, Mmeru, alikwambia nini mara ya mwisho?"

Wote wakanigeukia. Mimi ambaye niliwazuia ndugu zangu wasitugawe kwa kusema neno moja tu tena na tena, siku hiyo sikuruhusiwa hata hilo moja. "Mama," nikasema, "ninayoambiwa kazini siwezi kuyasema hata mbele ya mchungaji. Mwenyewe yupo hapa."

Mzee mmoja akaguna. Nikaona ameshaegemea upande wa Koko.

Naserian akakaa vizuri kwenye kigoda. "Mama," alimwambia Koko, "msiba wa baba mdogo, nani alipika wali?"

"Wewe."

"Nani alinipangia?"

Koko akasita. "Mimi."

"Ulimweka mtu wa kunichunga pale jikoni?"

"Ningemtoa wapi, watu wenyewe walikuwa wameshikwa na kazi."

"Na wali mliula?"

Mzee yule aliyeguna akajibu kabla ya Koko. "Tuliula. Mimi niliongeza."

"Mara mbili," akasema mwenzake. "Nilikuhesabia."

"Mama," Naserian akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "unaweza kunipa moto, na maji yanayochemka, na chakula cha wageni wa Monduli na Usa River, halafu ukaogopa kunipa Neema?"

Mume akaacha kutazama viatu. Koko alikuwa anatazama mikono yake, na niliona kwamba hakushindwa, alikuwa anafikiri. Ni tofauti kubwa, na wanaofanya kazi hii wajifunze kuitambua.

"Nisingempa mgonjwa lile sufuria," alisema mwisho, kama anayejieleza mwenyewe. "Hata kidogo. Ningekuwa nimechanganyikiwa mimi."

Kisha akaita, "Neema. Acha hao kuku, hawajapotea. Njoo ufunge nguo zako. Unakwenda kukaa na mama yako, na Jumamosi unakuja kwangu. Kila Jumamosi, nasema mbele ya wazee."

Neema alikimbia ndani haraka kiasi kwamba tulijua nguo zilikuwa zimeshafungwa.

Niliteremka mlima ule pamoja na Naserian na Neema. Nilipofika sokoni nikampigia Daktari Felista simu, nikamwomba Naserian aeleze mwenyewe, kwa hiari yake, kilichotokea. Daktari alisikiliza. Kisha akamuuliza Naserian swali moja: "Unaniruhusu nilichukue swali lako?"

"Lipi?"

"La msiba."

Hivyo ndivyo lilivyoingia. Kwenye dodoso jipya, kabla ya yote, tuliuliza: Kwenye msiba au harusi ya mwisho uliyohudhuria, ulipangiwa kazi gani, na nani alikupangia? Baadaye yakafuata mengine ya ukoo huo huo: nani alikuazima jembe, nani alikuachia mtoto akaenda sokoni, nani alikuja kuomba ushauri. Swali la kupona tulilibakiza mwishoni ili tulinganishe na miaka ya nyuma, ila hatukulipa tena usukani, na hatukuliuliza tena mahali mtu mwingine anaposikia.

Mwaka ule nilirudi kwa watu wetu wote, pande zote za Mlima Meru, na mlima ukazungumza lugha nyingine. "Nilichinja mbuzi." "Nilibeba maji." "Nilisimamia magari." "Nilimenya ndizi, shangazi ndiye alinipangia." "Nilikuwa mshereheshaji, Dada, na sitakuambia nilivyopendeza." Wapo pia waliosema waliwekewa kiti kivulini, na hao tulijua kwamba kazi yetu kwao haijaisha, na wakati mwingine kazi yenyewe haikuwa kwao bali kwa majirani zao. Sitaki vijana wadhani kila mtu alisimama. Ugonjwa huu ni mzito na umetushinda mara kadhaa. Ila nilikuwa nimezunguka miaka nikiandika bado, bado, bado, na sasa nilikuwa ninaandika mbuzi, maji, ndizi.

Daktari aliwasomea wafadhili majibu hayo moja baada ya jingine. Nilikuwepo, nimekaa nyuma karibu na chupa za chai. Mmoja wao, mgeni, aliuliza kwa nini msiba. Daktari akamjibu kwamba huko tunakotoka, siku hiyo ndiyo watu hawana nafasi ya kudanganyana kuhusu nani anategemewa. Utafiti ukaendelea. Uliendelea mpaka nikastaafu nao ukiwa hai, na watafiti wa mikoa mingine wamekuja kuomba swali letu. Wanapouliza nani alilitunga, tunawaambia lilitungwa kwenye kikao cha familia, na mwenyewe anauza vitunguu.

Lazaro alistaafu kabla yangu. Alipokuwa anaaga alinipa mabuti yake, ambayo ni makubwa mno kwangu, akasema nitayakulia. Mpaka leo sijayakulia. Wadogo zangu wote watatu wana kazi na nyumba zao, na meza ya mama yetu iko kwangu, ndiyo ninayoandikia.

Ziara yangu ya mwisho kazini nilichagua iwe kwa Naserian. Siku hizi boma lake ni lile la Koko. Mumewe alirudi kutoka machimboni, na Koko alipozeeka Naserian akahamia pale kumtunza. Neema anasoma sheria chuoni Makumira na alikuwa amekuja likizo. Alinipa shikamoo akaniambia nisimchoshe mama yake, ana wateja wanamsubiri sokoni.

"Uliza haraka," Naserian naye akasema.

Nikauliza haraka. Msiba wa mwisho? Alikuwa mpangaji wa zamu. Siku hizi yeye ndiye anayewapangia wengine. Tulipofika ukurasa wa mwisho nikataka tusogee uani, kama utaratibu unavyotaka. Alikataa. Alisema hapo barazani panatosha, na akaniangalia kwa macho ya mzaha.

"Naserian, umepona?"

"Bado."

Kutoka ndani, kwenye kitanda kilichowekwa karibu na mlango apate jua, sauti ya Koko ikatoka, imezeeka lakini haijapungua.

"Bado nini? Nani ameniogesha asubuhi? Wewe Mmeru, andika vizuri."

Nikaandika bado kwenye nafasi ya jibu, kwa kuwa ndivyo alivyojibu mwenye jibu lake. Chini, penye nafasi ya maoni, nikaandika maneno ya Koko yote, neno kwa neno, nikafunika kalamu.